Nyumba ya Warumi na Kaburi la Junaid

Al Twar,
Dubai.
14 Novemba 2024

Mpendwa Shangazi Sheikha,

Assalaamu alaikum. Nakuamkia kwa adabu na kuubusu mkono wako kutoka huku mbali. Miguu yaendeleaje? Ngazi za ghorofani bado unazipanda kwa kupumzika pumzika? Na dawa ya presha unakunywa, au mpaka ugombwe? Wahid na wanawe hawajambo? Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Joto la hapa limevunjika, sasa hata jioni twaweza kukaa uani.

Shangazi, barua hii ina habari ya mwanao, marehemu Junaid. Nakwambia mapema usije ukashtuka katikati. Ni habari ya kheri, kwa hivyo Wahid na akusomee polepole wala asiruke kitu. Sikutaka kuisema kwa simu. Ningelia, nawe ungelia, na maneno yangepotea.

Mwezi uliopita madam Nada alitupeleka Malta. Yeye asomesha historia, na kila akipata likizo hutafuta mahali penye magofu. Safari hii alitaka kuona yaliyoachwa na Warumi. Mamake, Bi Afra, yule mzee ninayemtunza, alikataa kubaki nyumbani, nami nikachukuliwa nimsukume kwenye kiti chake. Niliposikia jina la Malta moyo ulinipiga, maana ndiko wenye meli aliyofanyia kazi walikotuambia kuwa wamemzika Junaid. Lakini sikusema neno. Nilikuwa nakwenda kazini, si matembezini.

Ni kisiwa kidogo, majumba yote ya mawe yenye rangi ya samli. Lugha yao ilinichekesha. Muuza samaki akihesabu nilisikia sita, sebaa, na hata disaa, nikageuka nikidhani nyuma yangu kuna mtu wa Mombasa. Bahari ni bahar. Ni Wakristo, lakini Mungu humwita Alla. Teopista, Mganda anayepika hapa nyumbani, nilipomsimulia alisema namtania.

Tulianzia mji wa Rabat, kwenye makaburi ya chini ya ardhi ya enzi za Warumi. Bi Afra hakuweza kushuka ngazi. Madam alitangulia kushuka, aliporudi akakaa naye juu, akaniambia, "Yalla Ikhlas, nenda ukatazame." Humo ndani ni vyumba na vijia vilivyochongwa kwenye mwamba. Kuna na meza za duara za mawe, ambapo wasema jamaa walikaa kula chakula cha kumkumbuka maiti wao. Nikakumbuka hitima uliyomsomea Junaid, sote tumekaa sebuleni na hakuna hata mmoja wetu aliyeliona jeneza.

Kutoka hapo tulikwenda kwenye nyumba ya tajiri mmoja wa Kirumi. Kuta zimeondoka, sakafu imebaki. Imepambwa kwa vijiwe vidogo mno, na katikati wamechora njiwa wawili wametua kwenye ukingo wa bakuli, wanywa maji. Madam alipiga picha mpaka simu ikaishiwa na chaji.

Halafu akatueleza jambo ambalo sikulitarajia. Nyumba ile ilipoanguka, baada ya miaka mingi sana walikuja Waislamu, wakazika maiti wao juu ya kifusi chake. Wachimbaji walipofukua waliyakuta makaburi kwanza, ndipo wakaifikia sakafu ya Warumi. Mawe ya kaburini yamewekwa pale, yana maandishi ya Kiarabu cha zamani. Bi Afra alimtaka bintiye amsomee majina, lakini hakuyaweza. Yule mzee akainua mikono akawasomea Fatiha hivyo hivyo. Mimi nyuma ya kiti machozi yakanishinda.

"Walia nini, binti yangu?" akaniuliza.

"Nina ndugu yangu amezikwa kisiwa hiki. Alifia melini. Mamake hajui kama alioshwa wala kama alisaliwa."

Madam akanitazama. "Tangu tushuke kwenye ndege hukusema?"

"Nimekuja kazini, madam."

Bi Afra akamkatiza bintiye kabla hajajibu. "Khalas. Kesho twende kwake." Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya mwisho, na madam alikuwa ameshapanga kutazama mahekalu ya kale kuliko hata ya Warumi. Hakununa. Alikodi teksi akatupeleka Paola, penye msikiti na makaburi ya Waislamu.

Anayeyaangalia ni Mzee Azzam, mtu wa Sham, huko Syria. Nilipotaja baharia wa Mombasa, hakuuliza mara mbili. Alitangulia mbele moja kwa moja hadi kaburini. Shangazi, lina jiwe lenye jina lake, ni safi, na limeelekezwa kibla. Mzee Azzam mwenyewe ndiye aliyemuosha na kumkafini. Ilikuwa Ijumaa, na baada ya sala imamu alitangaza kuna maiti mgeni asiye na jamaa. Asema hakuna aliyetoka. Msikiti mzima ulimsalia, hata safu zikafika nje.

Kisha akaniuliza jina la mama wa marehemu. Siku ile walipomsomea talakini ya kumkumbusha majibu ya kaburini hapakuwa na anayelijua, wakamwita mwana wa Hawa, kama inavyofanywa kwa asiyejulikana mamake. Nikamwambia, "Sheikha."

Akachutama kichwani pa kaburi, akaweka kiganja chake udongoni, akamwita kwa sauti: "Ya Junaid bin Sheikha." Akaisoma talakini upya, mwanzo hadi mwisho. Bi Afra alisema amin kwenye kila dua. Madam alikuwa amesimama na viatu mkononi, kwa adabu ya makaburi.

Picha za kaburi nimezichapisha dukani mtaa wa Naif. Adib, yule mfanyabiashara wa Kibokoni, atakuletea pamoja na barua hii.

Nisalimie Wahid, mkewe, Khairunisa na majirani wote wa chini. Mungu akupe afya, akutulize usingizi wako, na amrehemu mwanao.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, nikupendaye sana,

Ikhlas