Mstari Mweusi Katikati ya Kibakuli

Njoro, kupitia Nakuru

Mke wangu mpendwa Rasoa,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi, nikitumaini mguu wa mama umepona na ng'ombe amezaa salama. Mimi mwili ni mzima, ila upweke unanimaliza. Shemeji Zakayo, wewe unayemsomea dada yako barua hii, soma pole pole na usicheke.

Rasoa, nilikuandikia ufunge mizigo kwa sababu memsaab, yule mama wa Kizungu wa maabara, aliahidi kuniombea nyumba ya wafanyakazi wenye wake. Sasa sikiliza yaliyotokea.

Kazi yangu unaijua, kuosha vibakuli vya kioo. Ndani yake memsaab anafuga ukungu, ule ule wa ugali uliolala, juu ya rojo ya viazi. Siku moja nikakuta kibakuli kina mstari mweusi katikati. Nikaona ni uchafu. Nikausugua kwa majivu, kama mama alivyonifundisha kuosha sufuria, mpaka kioo kikang'aa.

Memsaab hakupiga kelele. Alikaa chini akasema, kwa Kiswahili chake cha Kizungu, "Wewe nasafisha kazi ya wiki mzima." Nyumba hakuitaja tena.

Kesho yake alinionyesha ukungu kwa hadubini, ile mashine ya kukuza vitu vidogo. Kumbe ukungu ni nyuzi tupu, nyembamba kuliko nywele, zimetambaa kila upande. Nyingine zimesimama wima zikibeba vichwa vyeusi vilivyojaa vumbi, na kila punje ya vumbi hilo ni mbegu. Hivyo ukungu unazaa wenyewe, bila mwenzake. Lakini ukipanda wa aina moja upande huu na wa aina nyingine upande ule, nyuzi zinatafutana. Zikikutana zinagusana ncha, zinaungana, na hapo inatoka mbegu kubwa nyeusi yenye ganda gumu, inayoweza kungoja siku nyingi kabla ya kuota. Mbegu hizo ndizo zilikuwa ule mstari. Niliona haya sana.

Nikapewa nipande upya. Kila asubuhi kabla ya chai nilikwenda kukitazama kibakuli kabatini. Nyuzi zilisogea kidogo kidogo, na katikati palibaki peupe. Nilikuwa nakuwaza wewe, sifichi. Siku ya nane mstari ukatokea. Memsaab akacheka, akaenda ofisini siku hiyo hiyo kuniombea nyumba.

Alikuta imeshachukuliwa na dereva wa trekta. Mkewe yumo ndani tayari, nasikia akiimba anapofua. Tumeambiwa tungoje nyingine, na bila karatasi ya nyumba askari hawatakupitisha stesheni ya Nakuru.

Kwa hiyo usije, mke wangu. Nimezunguka sana kabla ya kulisema. Nyumba yetu niliisugua kwa majivu, kwa mikono yangu mwenyewe.

Nisalimie mama, na baba yako, na shangazi aliyenishonea sweta. Mwambie nalala nalo.

Najua kikapu umeshakifunga. Kifungue utoe blanketi, mvua za huko zimeanza. Vingine viache humo humo.

Ni mimi mumeo,
Jafeti