Mashavu ya Tawakali

Jumatatu, 3 Februari 2025

Leo Tawakali kaniita bibi afya. Miaka kumi na tisa ya ndoa! Kaniuliza mke wake anarudi lini. Nikamwambia kaenda sokoni, atarudi akijisikia. Akaguna: "Huyo na sokoni!" Yaani mume wangu ananisengenya kwangu mwenyewe. Nilicheka, halafu nikaenda kulia chooni.

Daktari Magdalena wa Dar alinieleza: askari wa mwili wake wamegeuka, wanashambulia ubongo badala ya vijidudu. Askari gani hao, wehu! Vidonge vya steroidi vinawatuliza kidogo tu. Tarehe kumi na moja atajaribishiwa dripu mpya. Mpaka hapo vidonge visikatishwe hata siku moja — kasema mara tatu, kanikazia macho.

Jumatano, 5 Februari

Wifi Nusaiba katua kutoka Sudi, na pweza mkavu na mdomo wake. "Mashallah, kaka kanenepa! Kapona!" Nikamwambia hayo mashavu ni ya vidonge. Wapi! Majirani nao wanakuja kuyatazama, wananipongeza kwa kumlisha. Huku kwetu mtu akinenepa ugonjwa umeisha, hata kama kavaa suruali kichwani. Mume wangu, fundi cherehani anayeshonea nusu ya Kilwa Masoko, asubuhi kashindwa kufunga kifungo cha shati lake.

Kesho naenda Lindi kufuata barua ya rufaa. Nusaiba atabaki naye. Nimemwonyesha vidonge, nimemwonyesha na saa.

Jumamosi, 8 Februari

Nimerudi nakuta masufuria ya pilau uani. Nusaiba kamfanyia kaka yake dua ya shukrani! Watu wamesoma, wameshiba, wameondoka. Na vidonge? Kavifunga kwenye leso, kaviweka juu ya kabati. "Sasa mtu kapona hivi, wifi, dawa anywe ya nini?"

Siku mbili! Tawakali kakaa mkekani, mwili unamchemka, jasho linamtiririka, anaongea na ukuta. Nikampigia daktari. Kasema nimpe vidonge sasa hivi na kesho nimlete Dar, nisingoje tarehe.

Nusaiba alilia. Nilimtukana, tusi la Sudi kabisa, alonifundisha mwenyewe. Ndipo akainuka kunisaidia kufunga mizigo. Pilau nimeila nimesimama. Tamu, basi tu.

Jumanne, 11 Februari — Dar, wodini

Homa ilishuka jana. Daktari kakubali dripu ianze leo. Hakuniahidi kitu: wengine inawarudisha, wengine hapana. Mimi namtaka mume wangu. Na ubishi wake wote, na mikoromo yake, namtaka.

Dawa inadondoka tone tone. Tawakali kafumbua macho, ananikagua. Si usoni — begani.

"Nani kakushonea gauni hili?"

Alilishona yeye, Idi ya mwaka juzi! Nikasema fundi mmoja wa Masoko.

"Kakuharibia. Bega moja limepanda."

Mwaka na zaidi namlalamikia bega hilo, ananijibu macho yangu ndiyo yamepanda! Sasa mkono wenye sindano umenyanyuka, umekamata kitambaa, unakikunja pole pole kutafuta mshono. Nesi alisema mkono huo usisogezwe kabisa. Aje amwambie mwenyewe.