Kinachobaki Baada ya Miezi Mitatu

Jumapili, 2 Machi 2025

Mafuta yatakayobaki baada ya miezi mitatu ndiyo yako, yaliyoondoka hayarudi. Kasema Dkt. Arocha, aliyempasua mdogo wangu Mayelín tarehe 5 Februari. Makadirio yake: asilimia sitini. Nikauliza tena, ndiyo kazi yangu. Akasema sitini, pengine sabini. Ningeuliza mara ya tatu ningepewa themanini.

Mayelín alisikia "sabini", kisha akaacha kusikiliza.

Kwa kumbukumbu: mafuta yalitolewa tumboni, yakapandikizwa makalioni. Kabla — inchi arobaini. Leo — arobaini na sita. Mpimaji ni mimi, kila Jumapili, kwa tepu yangu ya kijani. Hamwamini mwingine. "Dada, wewe ni wa gazetini. Miaka ishirini na sita hujakosea namba." Nimewahi kupewa tuzo. Hazikunidai nipige magoti nyuma ya mtu.

Haruhusiwi kukaa, asiyaponde mafuta. Anakula wima. Garini hupiga magoti kiti cha nyuma, uso kwa uso na madereva wa mji wetu, Hialeah. Leo wawili walimpungia mkono.

Alhamisi, 6 Machi

Amekatiwa gauni. Kwa inchi arobaini na sita — mwezi mmoja tangu kisu, wakati sehemu nzuri ya hizo inchi ni uvimbe. Zenaida, fundi wetu wa nguo tangu utotoni, alimwambia asubiri. Akaambiwa ashone.

Gauni ni la tarehe 14 Juni, siku Lianet, binti wa Mayelín, atakapofanyiwa sherehe ya miaka kumi na mitano. Desturi: msichana huvuliwa viatu bapa na kuvishwa vya kisigino mbele ya wageni. Ni kazi ya baba. Baba alihamia Tampa akaoa. Atakuja kama mgeni, yeye na mkewe, meza ya pili. Kwa hiyo atakayepiga magoti ni Mayelín. Na apigaye magoti mbele ya bintiye huwapa wageni mgongo, dakika nzima.

Hiyo ndiyo sababu ya upasuaji. Sikuhitaji chanzo cha pili.

Jumapili, 30 Machi

Arobaini na tano.

Mama ana nadharia. Mafuta yaliyohamishwa ni kama mgeni: usipoyalisha, yanarudi kwao. Kwa hiyo parachichi asubuhi, nguruwe mchana, jioni pudini ya maziwa na mayai, bakuli zima. Nikamweleza alivyosema Arocha: seli iliyopata damu imeishi, isiyopata imekufa na mwili unainyonya. Pudini haina kauli.

"Nani kakuuliza, mwandishi? Hapa mpishi ni mimi."

Mayelín ameongezeka paundi tano. Zimekwenda kwenye mikono.

Jumanne, 15 Aprili

Amekaa. Kwenye mto maalumu, dakika tano. Mama alipiga picha.

Jumapili, 4 Mei

Arobaini na tatu na nusu. Kesho miezi mitatu. Zilikuwa inchi sita, zimebaki tatu na nusu. Asilimia hamsini na nane. Arocha alikuwa sahihi, jambo ambalo halijamsaidia.

Haya yaliyobaki ni yake kwa miaka, alimradi asikonde wala kunenepa ovyo. Habari njema. Imepokelewa kama tangazo la kifo.

Alilijaribu gauni. Nyuma linapwaya kama turubai. Zenaida, pini mdomoni: "Hili nalipunguza kwa dakika kumi, mwanangu."

"Usiliguse. Mwili utalifuata."

Kuna kliniki nyingine. Iko tayari kumwongezea tarehe 22 Mei. Arocha anasema si kabla ya miezi sita. Mratibu wa kliniki anasema hayo ni maoni, na humwita "malkia" kwenye kila ujumbe.

Lianet aliniuliza jikoni: "Mama mkubwa, wageni wanakuja kuniona mimi au makalio ya mama?" Nikamjibu sijathibitisha.

Nina faili la kliniki za namna hii. Majina manane ya marehemu. Mafuta yalidungwa kwa kina mno, yakaingia kwenye mshipa, yakafika mapafuni. Nimekaa sebuleni kwa kila familia. Mmoja alikuwa anaongezewa kidogo tu. Nilimsomea Mayelín lile jina. Akasema: "Hao hawakuwa na dada mwandishi." Sikuelewa hoja. Naye pia, nadhani.

Tumeishia kwenye masharti. Ana wiki moja na sufuria za Mama. Jumapili ijayo tepu ikifika arobaini na nne, anaiacha kliniki. Isipofika, Jumatatu tarehe 12, saa tatu asubuhi, anakwenda kusaini.

Ijumaa, 9 Mei

Nilimpitia Zenaida. Nikamweleza masharti. Alivua tepu yake shingoni akaniwekea mezani.

Naijua tepu hiyo. Ncha ya bati iling'oka kabla sijazaliwa, na inchi ya kwanza ikaenda nayo. Inaanzia kwenye moja. Zenaida hajawahi kununua nyingine. Anapima, kisha ananong'ona "toa moja". Ndivyo alivyonipimia gauni langu la miaka kumi na mitano. La Mayelín pia.

"Mimi nimezeesha kichwa kwa kutoa moja," alisema. "Wewe hakuna aliyekuamuru utoe."

Sijawahi kuchakachua namba. Nilimfukuzisha kazi mtu mmoja kwa hilo, mwaka 2011. Hii si kuchakachua, nimejiambia njiani. Ni kunukuu chanzo neno kwa neno. Wote niliowaanika walikuwa na sentensi kama hiyo.

Jumapili, 11 Mei

Siku ya akina mama. Nguruwe tena.

Nilimpima chumbani kwa Mama, saa tisa alasiri. Tepu ilisoma arobaini na nne na robo. Nikasema: "Arobaini na nne na robo." Sauti haikutetemeka. Inaonekana ni rahisi.

Akageuka: "Ya kijani iko wapi?"

"Imekatika." Uongo wa pili. Huo haukuwa hata na chanzo.

Akanyoosha mkono, akaichukua tepu kutoka kwangu. Akaipitisha vidoleni polepole mpaka mwisho, pale bati lilipopaswa kuwa. Akabaki ameushika huo mwisho. Midomo yake ikacheza — maneno mawili, bila sauti.

Nilingoja. Nimewangojea mameya na majambazi, huwa wanaongea. Yeye aliviringisha tepu vizuri, kama Zenaida, akaitia kwenye mkoba wake. Akaenda mezani. Akakaa kitako, kwenye kiti cha mbao, bila mto. Mama akampa nguruwe. Akasema imetosha.

Alipokuwa anaondoka nilimuuliza kama amefuta miadi.

"Wewe si ndiye mwenye namba, dada."

Hajaifuta. Nimepiga simu kliniki, nikajitambulisha kwa jina lake: bado ipo. Uongo wa tatu. Kesho, Jumatatu tarehe 12, saa tatu asubuhi. Nitakuwa mlangoni pa kliniki saa mbili na nusu. Tepu ya kijani, nzima, nimeitia mfukoni.