Harufu ya Samaki Sebuleni Mwetu

Kalundu, Kitui
14 Julai 1988

Mpendwa mdogo wangu Mutunga,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini wewe, mkeo na watoto mmeamka salama huko Kisumu. Kifua cha mtoto Nthenya kimepoa? Sisi ni wazima, Mungu ashukuriwe, na tangu jana neno hilo silisemi hivi hivi tu. Nisamehe mwandiko, naandika kwa haraka.

Mguu wa mama haujapona. Hawezi kushuka kitandani bila kushikwa, ndiyo maana tulimhamishia sebuleni, karibu na ile televisheni uliyotuletea Pasaka. Anaipenda kuliko anavyotupenda sisi.

Sasa sikia. Kwa siku kadhaa, kila jioni, nyumba ilikuwa inanuka samaki. Unajua mama anavyowachukia, hata wa mkebe hawaingii hapa. Nikajiambia ni Shufaa, mama yake Rashid, jirani tunayegawana naye ukuta. Ni mtu wa Lamu, na kwao samaki ndiyo mboga. Nikafunga madirisha. Nikanuna. Akinisalimia, namjibu nikiangalia kando.

Jana jioni harufu ilizidi, mama akawa anakohoa usingizini. Hasira ikanipanda, nikaenda kugonga.

"Mama Rashid, kwani leo mnapika samaki wangapi?"

"Samaki gani tena, Ndinda? Sisi leo tumekula maharagwe."

Nikamwambia aje anuse mwenyewe. Alipofika mlangoni tu, uso ukambadilika.

"Hii si harufu ya samaki, wallahi. Mna kitu chaungua humu!"

Tuliifuata tukiwa tumeinama, chini ya meza, nyuma ya televisheni, mpaka kitandani kwa mama. Ile ekstensheni uliyotuletea, yenye soketi nyingi, inayobeba televisheni na birika la chai la umeme, ilikuwa imeyeyuka nyuma ya mto wake. Plagi ilikuwa nyeusi, na pindo la blanketi lilikuwa limeanza kubabuka. Mama amelala fofofo. Nilikimbia kuzima swichi kubwa, tukamvuta na kitanda chake hadi uani. Mutunga, niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo. Nililia mbele ya majirani wote, na Shufaa ndiye aliyenishika.

Fundi Nzioka ameipasua ekstensheni hiyo leo asubuhi. Anasema waya za ndani ni nyembamba mno, haziwezi birika, na plastiki ya namna ile ikishika joto hunuka samaki hasa.

Nilitaka nikuandikie tucheke pamoja. Kisha nikakumbuka ulinunua ekstensheni mbili katika duka lile lile, moja yetu na moja yenu, na yenu inabeba friji na pasi, karibu na kitanda cha watoto. Sisi tuliokolewa na kutokula samaki. Kwako wanapikwa kila siku. Harufu hiyo ikianza, nani atashtuka?

Tafadhali weka barua hii chini, nenda uichomoe, kisha urudi umalizie kusoma.

Umeichomoa? Basi sasa naweza kukusalimia vizuri. Barua nampa jirani yetu Mutie, anasafiri huko leo, posta itachelewa. Mama anakusalimu, anauliza televisheni itawashwa lini. Shemeji yako Mutiso na Shufaa pia wanakusalimu. Mbusu Nthenya. Mungu awafunike mkilala na mkiamka, lakini kama umesoma hadi hapa bila kuinuka, inuka.

Dada yako akupendaye kwa moyo wote,
Ndinda