Jina Hakulitaja

Jumapili, Juni 2017

Na jina langu hakulitaja. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jumanne nilimfuata Mama Pasta kwake mtaa wa Troyeville, maana anasema yeye ni mshauri wa wenye huzuni. Nikamwambia nisilowahi kumwambia mtu: usiku aliokufa mume wangu, nililala vizuri. Akanishika mikono. "Hili litabaki kati yangu na wewe na Mungu, dada."

Leo ibadani ameshika maikrofoni. "Tumuombee dada mmoja mjane, msusi wa Hillbrow, aliyefurahia kifo cha mumewe."

Mjane msusi kanisani kwetu ni mimi peke yangu. Shemeji yangu, ndugu wa marehemu, amegeuka, akanitazama mpaka amina ya mwisho.

Baada ya ibada nimemkumbatia Mama Pasta. Kila mwezi huja saluni kabla sijafungua, nimtengeneze bila mtu kuona upara ulio chini ya wigi. Nimemwambia Jumamosi aje saa kumi na mbili asubuhi, kama kawaida.

Kisha nimewapigia simu wateja sita, wote wa kanisani. Nao waje saa kumi na mbili na nusu.

Jina lake sitalitaja.