Mota ya Karasha

Jumatano jioni, Buseresere

Hesabu yangu ilikuwa sawa! Nilikosea amri moja tu, na hilo nalikiri humu, siyo mbele ya baba mdogo Masanja.

Juzi nilimwonyesha programu yangu ya kompyuta, niliyoiandika kwa lugha ya C, inayotumia namba za kufikirika kukadiria umeme unaoliwa na mota ya karasha lake la kusagia mawe ya dhahabu. Ikatoa ampia nyingi kuliko zilizosomwa na mita yake. Akacheka mbele ya wachimbaji: "Mwanangu, namba za kufikirika hazisagi mawe."

Leo asubuhi nimeona kosa. Niliandika abs, amri ya namba za kawaida, badala ya cabs, kwa hiyo kompyuta ikaitupa sehemu ya kufikirika ya ukinzani wa mota, ikapiga hesabu kwa ile halisi peke yake; na ukinzani ukipungua, ampia huongezeka. Na ilinionya. Nikapuuza.

Nimerekebisha, nikarudi kwake. "Shikamoo, baba mdogo. Washa mota."

Mita ikasoma kilekile kilichokuwa kwenye skrini. Wachimbaji wakasogea kuitazama.

"Umebahatisha," akasema.

Niliogopa kidogo, maana huenda ni kweli. Lakini sikuondoka. Nikakaa juu ya kiroba cha mawe, kompyuta magotini.

"Basi leta mota nyingine."