Mahema ya Mistari ya Dinard

Mpendwa Baba Salim,

Salamu zangu unazipata kila baada ya sala, kwa hivyo hapa siziandiki tena. Leo nakuandikia habari za miguu yangu.

Kesho natoka eda. Tangu ulipotolewa kwenye mlango huu ukiwa juu ya mabega ya watu, mimi sijavuka kizingiti. Lakini usidhani nimekaa tu. Nimetembea, tena sana. Natoka jikoni, nashika ukumbi, na huo ukumbi wetu wa hapa Ibra, Omani, nimeufanya ndiyo ile njia ya pwani ya Dinard: mkono huu majabali, mkono huu bahari. Nikifika kwenye ngazi za darini nashika ukuta, kama nilivyoushika ule ukingo wa chuma kule Ufaransa, napumua, halafu narudi. Binti yetu Zuwena ananitazama, ananiuliza, "Mama, unatafuta nini?" Namwambia, "Namfuata babako. Ameshanipita, si unamjua kwa mwendo wake."

Na kesho hiyo hiyo kaka yangu Nasor anakuja kuchukua jibu. Kanipa muda wote wa eda nifikiri, na namshukuru. Anataka mwanetu Salim arudi kutoka huko Dinard. Anasema, "Kijana kafiwa na baba, yuko peke yake kwa watu wasiomjua. Mpigie simu umwite. Wewe hatakukatalia." Kweli, hatanikatalia, na hapo ndipo ninapoogopa. Nikisema neno moja tu, Salim ataziacha ilimu zake nusu na atapanda ndege. Na wewe ulikwishaniambia pale pale Dinard, "Usimwite huyu. Akimaliza atakuja mwenyewe."

Basi nimekuwa nikitembea na jambo hili ukumbini, kwenda na kurudi.

Unakumbuka tulivyofika Dinard kumtazama Salim? Mimi ndiye niliyekuwa nimewaambia wanawake wote wa mtaa, na wa Nizwa tulipopita kwa dadako niliwaambia, kwamba mwanangu anasomeshwa na serikali mambo ya bahari. Watu wa Sur wanavua samaki tangu enzi za mababu, mwanangu anajua samaki anafikiri nini! Ukaniambia, "Punguza, mama Salim." Sikupunguza. Hata leo sipunguzi. Mama aliyesoma mpaka darasa la sita skuli ya Unguja akazaa mtoto kama yule, akinyamaza atakuwa amekufuru neema.

Salim alitaka kutukodia gari. Ukamkatalia. "Mji haujuliwi kwa gari," ulisema, ukachukua bakora yako, ukafunga kilemba chako cha Idi, ukavaa kanzu nyeupe pe, ukatangulia. Wafaransa wakasimama. Wallahi mpishi mmoja alitoka nje na kijiko mkononi. Walidhani ni mfalme wa mafuta kaja kununua mji. Mimi nyuma yako na buibui langu na chupa ya kahawa kwapani, nikanyoosha mgongo. Kama mume ni mfalme, mke naye amekuwa nani? Salim akacheka, "Mama, unatembea kama bata." Nikamwambia, "Bata wa Sultani."

Tukapita chini ya zile nyumba kubwa zilizojengwa juu ya majabali, zenye minara na vibaraza vya mbao, kila moja inashindana na mwenziwe. Nyingi madirisha yamefungwa. Salim akatueleza kuwa zilijengwa na matajiri wa zamani, Waingereza na wengineo, waliokuwa wakija kuogelea na kucheza kamari. Zama zao zikapita, watoto wao wakatawanyika, wengine wakauza, nyengine zimebaki na mlinzi na paka. Ukasimama mbele ya moja, imeanguka chokaa. Nilijua unaona nini. Ulikuwa unaona yale majumba ya wafanyabiashara hapa kwetu Ibra, yaliyojengwa kwa fedha za karafuu za Unguja, ambayo sasa mbuzi wanalala ukumbini. Ukasema, "Na hawa nao walikuwa na Unguja yao."

Halafu tukateremka ufukweni.

Bahari ilikuwa imekupwa, imekwenda mbali mpaka nikadhani imehama. Na juu ya mchanga, Baba Salim, yale mahema! Safu nzima, ya mistari ya buluu na nyeupe, na mbele ya kila hema watu wamekaa vitini, wametulia, hawasemi kwa sauti. Salim alikuwa ametuacha hapo akaenda kutununulia mikate, boflo zao zile ndefu kama bakora. Ukanishika mkono. "Inna lillahi," ulisema. "Pana msiba hapa. Tena mkubwa, tazama mahema yalivyo mengi."

Na mimi nikaona hivyo hivyo. Kwetu watu hawafungi mahema safu nzima wakakaa kimya bila ya sababu. Kama harusi, ngoma iko wapi?

Nikakuuliza, "Tutamjuaje mwenye kufiwa?" Ukawatazama mmoja mmoja, taratibu, kama unavyochagua tende. Ukamnyooshea kidevu mzee mmoja mwenye kofia ya majani. Mbele yake pana kiti cha pili, kitupu. "Yule," ulisema. "Tazama anavyokitazama kiti."

Ukaenda. Ukavua viatu kwenye mchanga, ukampa mkono, na mkono wake ukaushika kwa mikono yako miwili, ukamhani, ukampa pole ya msiba kwa Kiarabu, kama unavyomhani mtu wa Samail. Ukaweka mkono kifuani. Kisha ukakaa chini, pembeni yake, bila neno, kama inavyotakiwa. Mimi nikakaa nyuma kidogo. Ukaninong'oneza, "Hawana kahawa! Msiba gani usio na kahawa?" Ndiyo nikafungua chupa yangu, nikamtilia mzee kikombe, iliki inanukia ufukwe mzima. Akanywa. Hakuuachia mkono wako. Machozi yakamteremka mpaka kwenye masharubu.

Mara Salim huyo, anakuja mbio na boflo kwapani, uso mwekundu.

"Baba! Baba, haya mahema ya kuogea! Watu wanabadilishia nguo!"

Sijapata kukuona umefadhaika vile. Ulitaka kuinuka, mzee akakuzuia. Akasema na Salim kwa Kifaransa, muda mrefu, na Salim uso wake ukabadilika kidogo kidogo. Akatugeukia akasema, "Baba, mkewe amekufa majira ya baridi. Kila mwaka walikodi hema hapa pamoja. Anasema tangu asubuhi watu wanapita wanamwamkia, wanamzungumzisha habari za jua. Hakuna aliyempa mkono."

Ukakaa tena. Ukamwambia Salim, "Mwambie mahema nimekosea. Yeye sikumkosea."

Tulirudi kwake kila asubuhi mpaka tukaondoka. Wewe na yeye hamjui lugha moja, mnakaa kama watu waliocheza pamoja udogoni. Na jioni ya mwisho, tunapanda kilima kutoka ufukweni, ndiyo ukaniambia lile neno la kutomwita Salim. Nikakuuliza, "Na akipatwa na jambo huku, nani atakaa naye?" Ukaniambia, "Mungu hakosi mtu wa kumtuma." Nilikasirika. Jibu la wanaume hilo, nikasema.

Kisha ukafa wewe, Baba Salim, na ukazikwa kabla ya alasiri, na Salim kapata khabari kwa simu, wewe umeshafukiwa. Hapa hema lilifungwa nje ya msikiti, watu wakaja kutoka Nizwa, Sur, mpaka Jabal Akhdar, na wanawake wakajaa ndani hata mguu huna pa kuutia. Mimi nilishikwa mikono mpaka ikauma. Yeye je? Kila nikimpigia ananiambia, "Mimi mzima, Mama." Hilo neno lilinichoma kuliko kilio. Mtoto wangu amekaa chumba cha baridi, kafiwa, anajiambia mwenyewe pole. Nilipoacha kula, watu walidhani nakulilia wewe peke yako.

Juzi mchana akapiga simu. Nikamwambia wazi, "Mjomba wako anataka urudi, na mimi nipo karibu kusema rudi. Nijibu kweli. Ulipofiwa, nani alikuhani?"

Nikamsikia anavuta kiti, anakaa.

"Mama," akasema, "niliogopa utaona ni mchezo."

Akanieleza. Siku aliyopata khabari alitoka nje akatembea ile ile njia yetu ya majabali, akakutana na mzee wa hema. Mzee akamtazama usoni, akamuuliza, "Babako?" Akamchukua mpaka kwake. Ufukweni mahema yalikuwa hayapo, baridi kali, basi akatafuta vitambaa ghalani, vya mistari vilivyochakaa, akavifunga bustanini kwake juu ya vijiti, mvua inanyesha. Akaweka viti. Akachemsha kahawa. "Kahawa mbaya, Mama, chungu, haina hata iliki." Akamkalisha Salim kitini. Kisha, sikiliza, akatoka nje ya lango lake mwenyewe, akaingia tena kama mgeni, akampa mkono, akaushika kwa mikono yake miwili, akaweka mkono kifuani, akakaa chini pembeni yake kwenye majani yaliyorowa. Bila neno. Na kesho yake akaita jirani zake, mwanamke wa duka la mikate na wengine, na kila aliyeingia alimfundisha kwanza langoni namna ya kushika.

Siku tatu, Baba Salim. Nani alimwambia kuwa ni siku tatu? Salim anasema hajui, labda wewe ulimwonyesha kwa vidole.

Nililia siku hiyo kilio ambacho sijakulilia tangu ulipotoka. Zuwena akaja mbio, nikamwambia niache, leo matanga ya babako yamekamilika.

Basi kaka Nasor kesho nitamjibu hivi: Salim aachwe amalize. Akisema kijana hana watu, nitamwambia anao, babake alimtafutia, tena kwa makosa. Wala usinicheke huko uliko, najua nilikasirika na jibu lako.

Nikishamjibu nitatoka. Nitakwenda kwa miguu mpaka kule kwenye majumba ya zamani, nikafuate mfereji wa falaji, nirudi kwa njia ya sokoni. Bakora yako nitaichukua, si kwa uzee, kwa fahari. Kahawa nitaitia chupani, na vikombe viwili, maana njiani siwezi kujua. Nikimwona mtu anakitazama kiti kitupu, nitamjua.

Lala salama, mwenzangu. Usiende haraka sana, nakuja taratibu.

Mkeo,
Mama Salim